Moshi wa Mama Birika

Watembezi wanaonikuta siku hizi huniuliza kambi ya Mama Birika imehamia wapi. Haikuhamia popote. Ilifungwa, na aliyeifunga ni yeye mwenyewe. Naeleza hapa mara moja, maana kueleza kila siku kunanichosha. Alikuwa mke wangu.

Njia yenyewe ni ndefu. Inaanzia mbali na kuishia mbali. Mimi sijauona mwanzo wake wala mwisho. Watu huitembea siku nyingi, mizigo mgongoni, na hakuna anayewafukuza. Mimi ni mwashi. Mwanzoni niliwaona kama watu waliokosa kazi. Mke wangu aliwaona kama watu wenye kiu.

Akabandika birika nje, chini ya mteremko, pale mto unapopinda karibu na nyumba yetu. Wa kwanza akanywa chai. Wa pili akaomba kulala. Miaka ikapita, ofisi ya njia ikaichora kambi kwenye ramani, na watu wakalisahau jina lake. Akawa Mama Birika.

Alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. Sebuleni kwetu kuna ukuta wa misumari, niliipigilia mimi. Kila alichosahau mtembezi alikitundika hapo: kofia, kijiko, miwani, soksi moja moja. Soksi alizifua kwanza.

"Soksi ya mtu asiyejulikana unaifulia nini?" nilimwuliza.

"Mwenyewe atarudi. Akute imenuka, atasema hapa wanaishi nguruwe?"

Na kweli, wengi walirudi.

Kuna jambo moja lazima nilieleze, bila hilo huwezi kumwelewa. Mama yangu mzazi aliugua, akalala kitandani muda mrefu. Mke wangu ndiye aliyemwuguza. Alimgeuza ubavu huu, akamgeuza ubavu ule, mchana na usiku. Mama alikufa hana kidonda hata kimoja mgongoni. Hilo sitalisahau.

Ardhi aliitunza vilevile. Kiwanja cha kambi alikigawa kwa mistari ya mawe. Upande mmoja watu walale, upande mwingine upumzike. Ule unaopumzika aliufunika kwa matawi ya miiba, asiingie mtu wala mbuzi. Msimu ukigeuka, naye anageuza. Watu walinung'unika.

"Mama, pale ndipo pazuri, pana kivuli."

"Ndiyo maana kila mtu anapataka. Ardhi nayo ina mgongo, mwanangu. Ukiilalia kila siku inafanya kidonda. Hema lako huku."

Walipeleka mahema huku. Hakuna aliyeshindana na sauti ile. Na kiwanja chake kilikuwa na nyasi mwaka mzima, wakati kambi nyingine za njia ile zilikuwa vumbi tupu. Waliotembea njia nzima ndio walioniambia hivyo.

Aliyemzoea kuliko wote ni fundi saa. Ana kibanda mjini, anatengeneza saa za watu, na kila kiangazi anafunga kibanda anakuja kutembea. Hakuwahi kufika mapema hata siku moja.

"Fundi saa mzima, jua linatua ndiyo unaingia?"

"Shemeji, saa natengeneza za watu. Mimi yangu ni tumbo, na limeniambia chai iko tayari."

"Tumbo lako linakwenda mbele. Lipeleke kwa fundi."

Hivyo ndivyo walivyosalimiana. Nikisikia wanaanza, naweka mwiko wa kujengea chini ili nisikie vizuri.

Sasa mto. Mto ulianza kula ukingo. Njia ilipita juu ya ukingo huohuo kabla ya kushuka kambini, na kila mvua ilichukua kipande. Msimamizi wa njia akaja. Ni mtu wa adabu, buti zake siku zote zina tope. Alikaa kwenye kigoda jikoni. Mke wangu alikuwa anamenya viazi.

"Mama," alisema, "njia tunaihamisha. Itapita juu, mgongoni mwa kilima. Kambi mpya inajengwa hukohuko. Hii itafungwa."

Kisu kikasimama. "Na mimi?"

"Kule hakuna mtunzaji, mama. Ni majukwaa ya mbao ya kuweka mahema, na tangi la maji. Moto hauruhusiwi. Wewe sasa utapumzika."

"Nani kakwambia nimechoka?"

Msimamizi akaangalia buti zake. "Hakuna, mama."

"Basi kunywa chai yako, inapoa."

Alipoondoka, mke wangu alimenya viazi vyote, hata vile vya kesho. Watoto wetu wameoa na kuolewa, wako mbali. Kambi ile ndiyo iliyokuwa inamwamsha asubuhi. Nililijua hilo, na yeye alijua kwamba nalijua.

Kesho yake akaniambia, "Njia ni yao, waihamishe. Birika ni langu. Litakaa palepale."

Msimu ukaanza. Ofisi ilikuwa imeweka kibao kwenye njia panda: njia imefungwa, pita juu. Alama za zamani kwenye miti zilipakwa rangi zisionekane. Siku za mwanzo hakuja mtu. Alifagia kiwanja kisicho na jani. Aliniambia hatazami njiani, lakini kila alipoinama kufagia alielekea njiani.

Halafu akaja mmoja. Alikizunguka kibao. Kisha wakaja wawili, halafu mtu na mkewe. Wote walishapita hapa miaka ya nyuma. Mazoea yana taabu. Nikamsikia mke wangu anaimba jikoni, na mimi nikafurahi. Nani asingefurahi?

Msimamizi akarudi. Alikuwa amefunga kamba njiani, watu wakairuka.

"Mama, wanapita juu ya ukingo. Chini yake ni hewa tu."

"Mimi sijamwita mtu."

"Najua hujamwita."

Ilikuwa kweli, hakumwita mtu. Alibandika tu birika.

Alasiri moja tukasikia ukelele mtoni. Nilitupa kila kitu nikakimbia. Ukingo ulikuwa umemeguka, na chini kwenye mawe alikuwa amekaa fundi saa, ameshika mguu. Mimi na mtembezi mwingine tulimbeba kwa blanketi mpaka sebuleni, tukamlaza chini ya ukuta wa misumari. Kifundo kilikuwa kimevimba kama mkate. Mke wangu akaleta beseni la maji baridi.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alimwambia.

"Limeteguka tu, shemeji, halijavunjika. Mimi nilisikia nusu."

Wakacheka. Kisha mke wangu akaacha kucheka.

"Kibao hukukiona?"

"Nilikiona."

"Na kamba?"

"Niliiona, nikairuka."

"Sasa?"

Fundi saa akafuta jasho. "Shemeji, nilisimama pale njia panda nikasoma kibao, kinasema pita juu. Nikatazama chini nikaona moshi wako. Sasa mtu ataamini ubao, aache moshi?"

Alisema kwa utani. Lakini nilimwona mke wangu anautazama ule mguu ndani ya beseni, anautazama tu, mpaka maji yakapoteza baridi. Jioni alimpelekea fundi saa chakula, akamrekebishia mto wa kichwa, akaenda kulala.

Asubuhi hakuwasha moto nje. Alisimama mlangoni, akasema, "Mwashi, lete mtaimbo."

Alipoamua jambo aliniita mwashi. Siku nyingine zote nilikuwa baba watoto.

Niliuleta. Tuling'oa mafiga yote matatu. Yalikuwa yamezama ardhini kama meno, nilidhani hayatatoka. Kisha akaenda kukata miiba. Nilitaka kumsaidia, akanipa kazi ya kubeba. Akafunika upande uliokuwa unapumzika, akafunika na ule mwingine. Akafunika mlango wa kambi. Hakubakiza hata pa kuweka hema moja.

"Safari hii panapumzika pote," alisema.

"Mpaka lini?"

"Mto utasema. Mimi si msemaji wake."

Mikono yake ilikuwa na michubuko hadi kwenye viwiko. Nimejenga nyumba nyingi, na nimeona watu wengi wakibomolewa. Wote walilia, wote walimlaumu mtu. Kubomoa kazi yako mwenyewe kwa mikono yako, usimlaumu mtu, sijamwona mwingine.

Tangu siku hiyo alipikia ndani, kwenye jiko la gesi ambalo binti yetu alitununulia na mke wangu akaligeuza rafu ya sufuria. Halitoi moshi. Watembezi wakafika njia panda, wakatazama chini, wakaona kweupe. Wakapita juu.

Fundi saa alipopona akaondoka kwa gari. Soksi ya ule mguu aliiacha.

Baadaye mke wangu alisema twende tukaone huko juu. Tulipanda polepole, tunapumzika kila penye jiwe. Njia mpya ni nzuri. Wamepanga mawe kama ngazi, na maji ya mvua wameyapa pa kupita. Kambini alimkuta msimamizi anakaza misumari. Hakumsalimu kwanza. Alipiga magoti, akapitisha mkono chini ya jukwaa, akapapasa.

"Nyasi," aliniambia. "Huku chini kuna nyasi. Hema halimgusi mgonjwa kabisa." Akamgeukia msimamizi. "Mwanangu, umefanya kazi."

Yule mtu mzima akafuta macho kwa mkono ulioshika nyundo. Alijua mama huyu amefunga nini.

Mvua zilipoanza, kifua kikamshika. Hakuinuka tena. Nikamgeuza, ubavu huu, ubavu ule, kama alivyomgeuza mama yangu. Sikuwa hodari kama yeye.

"Polepole, mwashi," aliniambia. "Mimi si tofali."

Kila asubuhi aliuliza, "Nyasi zimeota?" Nikaenda kuangalia, nikarudi.

"Zimeota."

"Kote?"

"Kote, ila pale penye mafiga."

"Pale patachelewa. Paliungua sana. Usipakanyage."

Alikufa kabla mvua hazijakatika. Mgongoni hakuwa na kidonda. Niliangalia.

Kiangazi hiki fundi saa amekuja. Alipita juu, njia halali, na hukohuko msimamizi akampa habari. Aliteremka kwa barabara ya gari mpaka mlangoni kwangu. Ilikuwa asubuhi mapema. Alisimama, kofia mkononi.

"Nimechelewa," alisema.

Nilimwambia akae. Hakukaa. Alitaka kuona, nikampeleka. Matawi ya mwaka jana yameanza kuoza, nilikuwa nimekata mengine. Fundi saa hakuvuka mstari wa mawe. Alitazama majani yenye kimo cha magoti.

"Na pale katikati, penye upara?"

"Palikuwa na mafiga. Alisema patachelewa."

Akachuchumaa, akakaza macho kama anatazama ndani ya saa. "Kuna kitu pale," alisema. "Kidogo sana. Kijani."

Mimi macho yangu hayafiki. Nilimwamini. Tukapanga miiba mipya, akajichoma, akatukana kidogo, nikajisikia vizuri kumsikia anatukana.

Nyumbani nilibandika birika, la ndani. Nikaitoa soksi yake msumarini. Aliinusa, kwa mazoea ya msafiri. Imefuliwa.

"Nilisema nitarudi?" aliniuliza.

"Hukusema," nilimjibu. "Yeye ndiye aliyesema."

Akavua kiatu, akaivaa palepale.