Ua Lililoita Mvua ya Mawe

Nilipokuwa darasa la tatu, kule kwetu Kimulot, kulikuwa na ua moja tu tulilokatazwa kugusa. Liliota kwenye bonde la maji chini ya shamba letu la chai, refu kama fimbo, kichwa chake chekundu kama kaa la moto. Likinyauka, mwaka uliofuata lilichipuka tena kutoka shina lilelile. Kogo, nyanya yangu, alisema anayelikata anaita mvua ya mawe.

Mimi nililikata. Nilitaka kunyonya utamu wake. Nilipomaliza nikaingiwa na hofu, nikampa Atieno, rafiki yangu, aliyeishi na mama yake katika chumba cha mabati nyuma ya nyumba yetu. Walitoka upande wa ziwa, hata mwezi hawakuwa wamemaliza kwetu, na mama yake alituchumia majani ya chai. "Chukua, ni yako," nikamwambia. Akafurahi, maskini.

Alasiri hiyo mawe yakanyesha. Chai yote ikachanika, matawi yakabaki matupu. Kogo akamkuta Atieno na ua mkononi.

"Ni yeye alinipea," Atieno akasema, akininyooshea kidole.

Kogo akanigeukia. "Ni wewe?"

"Si mimi, Kogo."

Kesi ikaishia hapo. Atieno akaamriwa aingie bondeni arudishe ua mahali pake. "Ikisimama ndio utatoka," Kogo akasema. Lakini ua lililokatwa halisimami. Alilichomeka kwenye tope, likaanguka. Akalichomeka tena. Maji yalimfika magotini, mawe ya barafu bado yakielea, na meno yake yakigongana. Mama yake akapiga magoti. "Mama, msamehe, ni mtoto." Kogo hakumtazama.

Mwishowe miguu ikakataa kumbeba, mama yake akaingia akamtoa. Kesho yake wakafukuzwa, Atieno akikohoa mgongoni.

Sasa shamba ni langu. Mawe hunyesha kila mwaka, ua likatwe lisikatwe. Mume wangu huniambia nijisamehe, nilikuwa mtoto, niliogopa. Kweli niliogopa, lakini mwanzoni tu. Nilipoona hakuna atakayeniuliza tena, hofu iliniisha kabisa. Nikakaa vizuri kwenye nyasi za ukingo wa bonde, nikaanza kuhesabu ua limeanguka mara ngapi.