Ulimi wa Titani

Watu wa Hai Jalaba wakimsifu shemeji yangu Ezbon, mimi namenya vitunguu vyangu. Ati fundi. Ati hana mfano. Sawa, siwezi kumnyima haki yake: visu vya kukunja alijifunza kule Katwe, Kampala, tulipokuwa wakimbizi, na hapa Juba sijaona mwingine wa kumfikia. Lakini mimi Natalina nilikuwa mke wa mdogo wake, Swaka, na ninamjua kwa namna yangu.

Swaka alikuwa mchinjaji. Si wa buchani. Aliitwa majumbani, huko Gurei, pembeni mwa mji, penye harusi au matanga, akachinja mbuzi, akachuna, akarudi nyumbani na kichwa na utumbo. Vita vilipoanza, mtu hakuweza tena kupita njiani na kisu cha ala. Cha kukunja kilipita. Kwenye kizuizi ulikitoa mwenyewe, ukakikunja mbele ya askari, wakaona ni chombo cha kazi, ukaenda zako. Wachinjaji wote walifanya hivyo. Kikikaa wazi, hapo wewe si mchinja mbuzi tena, ni mwasi.

Ndani ya mpini wa visu vya Ezbon kuna ulimi, kibati chembamba kinachoruka na kusimama nyuma ya bapa lisikunjike ukiwa kazini. Ukitaka kukunja, unausukuma kando kwa kidole gumba. Ndimi za kwanza alizikata kwenye springi za gari. Jamani, damu na chumvi! Kutu ikala ulimi wa kisu cha Swaka, siku moja kikajikunja na kumkata kidole mpaka mfupa ukaonekana. Swaka akacheka. "Kaka, kisu chako kimechoka mbuzi, sasa kinataka mtu." Ezbon hakucheka. Aliona aibu hata chakula kikamshinda.

Basi akaanza kuwasumbua wauza vyuma chakavu mpaka akapata kipande kilichotoka kwenye mabaki ya ndege. Alikigusisha kwenye grenda, cheche zikaruka nyeupe pe! Akapiga kelele kama aliyeona mwezi wa sikukuu. "Titani, shemeji! Hii haijui kutu. Ukiipinda inarudi. Na nyepesi, hebu shika." Nikashika. Kweli ilikuwa nyepesi. Akakata ulimi mpya, akautia kwenye kisu cha Swaka.

Ila titani ina tabia yake, na Ezbon aliijua vizuri. Ikiwa mpya hung'ang'ania chuma. Ulimi ukishaingia nyuma ya bapa, haubanduki kirahisi. Dawa yake ni kupaka weusi wa penseli pale ulimi na bapa vinapokutana, halafu unafungua na kukunja, unafungua na kukunja, mpaka ulainike. Hakufanya. Nilikuwepo, nilijaribu kukikunja kikanigomea, nikamwambia.

"Acha kibane," akanijibu. "Kidole cha mdogo wangu hakitakatwa tena."

Na huyo mume wangu naye! Kaka akisema, amesema. Akakitia mfukoni anatabasamu.

Ilikuwa Julai, mwaka 2016. Bunduki zilipotulia kidogo, Swaka akaitwa Gurei kwenye matanga, akaenda na jirani yetu Celestino. Wakati wa kurudi wakasimamishwa. Celestino ndiye aliyenisimulia. Swaka alitoa kisu, askari akakifungua, ta, akamrudishia. "Kunja." Swaka akasukuma ulimi. Mikono ilikuwa na mafuta ya mbuzi, kidole kikateleza. Akasukuma tena. "Kunja, nimesema!" Akakaza meno, akasukuma kwa vidole gumba vyote viwili, wapi. Kisu kimekodoa macho tu. Wakamfukuza Celestino, Swaka wakabaki naye.

Nikaanza kungoja. Mmoja aliniambia kaonekana akibeba maji kwenye kambi ya askari. Mwingine akasema amevuka mpaka, yuko Koboko, Uganda. Niliyaamini yote, haki ya Mungu, hata yaliyogongana. Kila siku nilikaa karakanani kwa Ezbon, kwa sababu kule ndiko habari zilikopita.

Asubuhi moja akaja askari kijana, tena mpole, na Kiswahili chake cha kambi za wakimbizi za Kenya. Akaweka kisu mezani. "Mzee, wanasema hii ni kazi yako. Hii kisu iko ngumu kufunga. Nisaidie."

Nilikijua kabla sijakishika. Nikamuuliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Ezbon akanikanyaga mguu.

Kijana hakukasirika. Aliniangalia kama mtu anayeulizwa bei ya sukari. "Mama, mwenyewe hana kazi nayo tena."

Nikamgeukia Ezbon. Nilitaka apige yowe. Nilitaka auvunje ule ulimi, akitupe barabarani, afanye kitu chochote, Mungu wangu, chochote! Akachukua penseli. Akapaka pale, akafuta, akapaka tena. Akafungua, akakunja, akafungua, akakunja, jasho linamdondoka, hataki kunitazama. Alikaa nacho muda mrefu, kwa utulivu, kama kazi ya kanisa.

Najua tungeuawa. Sihitaji mtu kunieleza. Lakini askari alipokijaribu, jamani, kilikunjika kwa kidole kimoja.