Baba Mkwe Amekiri Kosa Ambalo Huenda ni Langu

Bwana Mhariri, nakuomba ukitoe kisa changu katika ukurasa wako, ila jina langu ulifiche kabisa, maana hapa Temeke tunajuana, na kanisani kwetu tuko wachache.

Nina miaka thelathini na moja, mtu wa bara, nina mke na binti mmoja wa miaka minne. Kazi yangu ni hospitalini: napaka damu ya wagonjwa kwenye vioo, naitia rangi, kisha naangalia kwa darubini kama ina vijidudu vya malaria. Mimi ni Mkristo wa kweli, si wa Krismasi tu. Katika kusanyiko letu, aliyetenda dhambi husimama Jumapili mbele ya wote akaitaja waziwazi. Watu humwimbia, humkumbatia, na neno hilo linakuwa limekwisha. Baba wa mke wangu, fundi seremala, ndiye aliyekuwa mzee wetu wa kanisa. Ni mtu mwema sana, lakini kichwa kigumu ajabu. Kwake yeye homa ya mtoto ni pepo, na dawa yake ni maombi, basi. Mimi sikuona ugomvi wowote kati ya maombi na darubini. Nikajidanganya kwamba akiona kwa macho yake atanielewa.

Hapo ndipo nilipojiponza. Mwaka jana binti yangu alishikwa na homa. Nilimchoma kidole nikapata damu kidogo kwenye kioo, nikamwacha na mama yake, nikampakia baba mkwe kwenye baiskeli hadi kazini. Akainama, akafumba jicho moja. Vijidudu vile huonekana kama vipete vidogo vyenye nukta.

"Nimewaona, mwanangu," akasema. "Wana macho."

Nilicheka kwa furaha. "Ndio hao, baba! Ndio wanaomchoma mtoto."

"Sasa siku zote ulikuwa unabisha nini? Hao si pepo?"

Akavaa kofia yake akaondoka kwa miguu. Nami, mjinga, nikabaki kumaliza kazi.

Niliporudi alasiri nilisikia kilio kabla sijafika nyumbani. Mke wangu alikuwa nje, amefungiwa mlango, anaugonga kwa mchi wa kinu huku akilia, "Baba, utaniulia mtoto!" Niliuvunja kwa teke. Watu wawili wa kusanyiko walikuwa wamemkandamiza binti yangu kitandani, mmoja mikono, mwingine miguu, na babu yake amesimama juu yake. Kila akisema "Toka!" anamzaba kofi shavu la kushoto. Mdomo wa mtoto ulikuwa unavuja damu.

Nilimpokonya mke wangu ule mchi nikampiga nao mzee. Aliinua mkono wa kushoto kujikinga, nikausikia mfupa ukivunjika, na bado nikampiga tena mgongoni, na tena, mpaka mke wangu akanishika kiunoni. Nasema kweli mbele ya Mungu, nilitaka kumuua. Wale wawili walitorokea dirishani.

Nilimkimbiza mtoto hospitali, akachomwa sindano ya kwinini. Siku ya tatu homa ikaisha. Lakini tulipomwita hakugeuka. Mama yake aliangusha sufuria nyuma yake makusudi, hakushtuka. Hasikii hadi leo.

Jumapili moja mzee akaja kanisani, mkono umefungwa vibao. Akasimama akasema, "Pepo alikuwa ndani yangu mie, si ndani ya mtoto. Nimemziba masikio mjukuu wangu kwa mkono wangu huu wa kuume." Akauacha uzee wa kanisa palepale. Akanikumbatia mimi niliyemvunja mkono. Kanisa zima lililia. Tangu siku hiyo waumini wenzetu waliokuwa wakificha watoto wenye homa huwaleta kwangu wenyewe niwapime damu, na wanapona.

Sasa nisikilizeni. Asubuhi ile ya homa, kabla sijatoka na mzee, nilimmezesha binti yangu vidonge vya kwinini nilivyovichukua kazini bila ruhusa. Nilivitoa kwa hofu, vingi kuliko kipimo. Hospitalini sikusema, niliogopa kufukuzwa kazi, na sindano ikaongezwa juu yake. Kwinini ikizidi huziba masikio, sisi wa kazi hiyo tunalijua. Kesho yake mtoto aliniambia, "Baba, nasikia nyuki." Na jingine linalonitesa: makofi yalitua upande wa kushoto tu. Masikio yaliyokufa ni yote mawili.

Mke wangu hamwamkii tena baba yake. Mwezi uliopita mimi na mke wangu tulimkuta mzee kwenye banda lake la useremala, mkono wa kuume ameulaza juu ya meza, wa kushoto umeshika shoka. Tulipambana naye chini, kwenye maranda, hata tukamnyang'anya. Alinikata begani. Alikuwa akipiga kelele kwamba hawezi kwenda mbinguni na mkono ule.

Nikisimama kanisani nikasema kweli, najua watakachosikia wao ni kwamba dawa ya hospitali imemfanya mtoto kiziwi. Watoto watafichwa tena majumbani, na watakufa. Nikinyamaza, mzee anabeba dhambi yangu pamoja na yake. Juzi alinishika shati akaniuliza, "Mwanangu, wewe unayejua mambo ya damu, mtoto atasikia tena?" Nami, mtu wa darubini, nikamjibu, "Tuombe, baba."

Ndugu wasomaji, nitukaneni mkipenda, nastahili. Lakini nishaurini upesi nifanye nini, maana shoka tulilificha, na jana ameazima jingine kwa jirani.