Passe Tatu za Maman Mujinga

Nilimfahamu Mujinga siku aliponinyima mali niliyokwisha kulipia. Ulikuwa mwaka ule Katanga ilipokatwa vipande vinne na bei ya shaba ikaanguka. Makampuni yalikuwa yanafunga, na mimi, mtu wa Butembo, nilikuwa nanunua yalichoacha. Safari hii ilikuwa disque ishirini na nne kubwa za ordinateri, zile za kuhifadhi kumbukumbu za kompyuta. Mteja wa Kitwe, ng'ambo ya mpaka, alizitaka. Lori langu lilikuwa linaondoka Ijumaa saa sita mchana, na ningechelewa angenunua kwa mwingine.

Mujinga, mtoto wa Lubumbashi wa wazazi wa Kasai, ndiye fundi wa ordinateri wa mwisho aliyebaki kwenye kampuni iliyoniuzia. Aliweka kiti chake mlangoni.

— Hazitoke bila kufutwa. Iko majina na mishahara ya bantu ya kazi ndani.

— Basi futa, maman.

— Passe tatu, na vérification.

Nikatoka nje, nikampigia Élie, wakala wangu wa forodha pale Kasumbalesa: tengeneza passe tatu za kuvuka mpaka. Élie hakuuliza kitu. Sijaona wakala anayeuliza kwa nini mtu anataka karatasi zaidi. Niliporudi kumwambia Mujinga kwamba passe ziko tayari mpakani, alicheka mpaka akavua miwani.

— Papa Kataliko! Passe ni machine inapita juu ya disque, inaandika zéro fasi yote mpaka majina yanapotea. Hii haina mupaka!

Élie alikataa kunirudishia hata senti.

Nikauliza basi passe moja inakamata masaa ngapi. Alichukua ukubwa wa disque, akaugawa kwa mbio yake: saba na nusu. Passe tatu, na ya nne ya kusoma kama kweli imefutika: thelathini. Nikazidisha kwa ishirini na nne, nikakaa chini. Mwezi mzima!

— Hapana, papa. Ile sanduku ya kufutia inameza disque kumi na mbili pamoja, na wakati iko ule ule. Ni mara mbili tu.

Masaa sitini. Ilikuwa Jumatano asubuhi. Tungemaliza Ijumaa jioni, lori limekwisha kwenda. Sijawahi kukubali bei ya kwanza, na saa nayo ni bei.

— Nipunguzie.

— Saa haiko mihogo! Mweye bantu ya Butembo, mutabishana hata na jua.

Akawasha. Kioo kikaandika muda wa passe ya kwanza: masaa matano.

— Ona! Machine yako inasema tano, weye saba na nusu. Unanipandishia!

— Inadanganya. Inaanza pembeni ya sahani, kule inakimbia. Ikikaribia katikati, inachoka.

Baada ya masaa matatu, kioo kikasema yamebaki matatu. Nimeajiri madereva wa namna hiyo, wanaokwambia kwa simu "niko karibu" na bado wako Likasi. Nikamwamini.

Nikaacha kubishania masaa, nikashika passe.

— Nani alisema tatu?

— Règlement ya kampuni. Ya zamani.

— Na kwa disque hizi, moja haitoshe?

Akavua miwani, akaifuta pole pole. Kufuta kule nakujua: ni kwa muuzaji anayejua kwamba bei inaweza kushuka.

— Moja na vérification inatosha. Lakini patron wa kampuni ndio anaruhusu.

Tukampigia patron. Simu haikuita, alikuwa amepanda ndege wiki iliyopita.

— Basi patron ni weye.

— Na mimi napata nini? Ni jina yangu itakuwa kwenye karatasi ya kusema zimefutwa.

Alitaka ile sanduku ya kufutia, iliyokuwa ndani ya mali yangu. Alitaka pia nilete groupe électrogène, jenereta, kwa sababu courant ya umeme ikikatika tunaanza tena. Sanduku niliiona bati na feni tu. Nikampa, nikajisifu moyoni.

Masaa sitini yakawa thelathini, na Alhamisi jioni tukamaliza. Disque moja ilikuwa na kidonda kisichofutika. Mujinga aliitoboa kwa perceuse huku mimi bado naiombea msamaha. Ishirini na tatu zilifika Kitwe, nikapata faida nzuri.

Lakini makampuni yaliendelea kufunga, na kila moja ilitaka saini ya mtu wa kufuta. Leo Mujinga ana sanduku nne na mlango wake mwenyewe. Kila nikinunua disque nazipeleka kwake, na nalipa bei anayosema. Nikianza kubishana, anasema atarudisha passe tatu.