Nukta Nyeupe kwenye Mkono wa Riziki

Bushira amekaanga mandazi karibu na soko la Baraka tangu aolewe, na mikono yake ina makovu ya mafuta ambayo hayajawahi kumtisha. Woga aliujua siku sufuria ya mawese ilipopinduka ikamwunguza binti yake Riziki, wa miaka mitatu, kutoka kiwiko mpaka vidoleni.

Kila asubuhi alimsafisha kidonda kama mama yake alivyomsafishaga yeye: maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kisha kitambaa, kusugua mpaka damu ionekane. Kwao, kidonda kikitoa damu ndipo kimekuwa safi.

Siku ya tisa zikatokea nukta nyeupe-nyeupe katikati ya ule wekundu. Mama Dany, jirani, akashika mdomo.

"Mama Riziki, ile ni uozo! Sugua yote itoke. We unaogopa kilio ya mutoto? Kesho utalilia mukono."

Bushira akasugua, machozi yakimtoka kuliko ya mtoto. Baada ya siku tatu nukta zikarudi, akasugua tena. Kidonda kikakataa kufunga, vidole vya Riziki vikaanza kujikunja. Hapo akambeba mbio mpaka kwa Casimir, muuguzi wa senta ya afya.

"Kulikuwa nukta nyeupe?" Casimir akauliza.

"Zilikuwako, Docta. Nilizitoa zote."

"Zote?" Akauinua mkono wa Riziki. "Mama, ile njo ilikuwa ngozi mpya."

Akamwonyesha vinyweleo vya mkono wake mwenyewe. "Chini ya kila kinyweleo kuna mbegu za ngozi. Kwenye vitabu banaziita seli shina. Kila siku zinazaa ngozi mpya badala ya ile inayopukutika. Moto ukikula ya juu, zinapanda toka chini, zinatambaa, nukta kwa nukta, mpaka zishikane."

Bushira akamvuta Riziki karibu. "Na kama mi nilizimaliza?"

"Siwezi kukudanganya. Pasipobaki mbegu, itabidi bakate ngozi ya paja baibandike hapa, hospitali kubwa." Akafunga bandeji. "Siku tano. Usiiguse."

Siku tano hizo Bushira aliogopa mikono yake mwenyewe. Mama Dany alipokuja na maji ya chumvi, alimzuia mlangoni: "Hapana, dada. Leo hapana."

Siku ya tano Casimir akafungua taratibu. Karibu na kiwiko, nukta kumi na kitu. Kwenye mgongo wa mkono, mbili tu.

"Mbili zinatosha?" Bushira akanong'ona.

"Tungoje tena siku tano," akasema Casimir, na Bushira akaficha mikono yake nyuma ya mgongo.