Dirisha la Kumkumbuka Baba

Sijapoa bado, wala sina mpango wa kupoa. Nyumbani wananiambia nimezidi, eti dirisha ni dirisha tu, mradi lifunguke na lifungike. Nikisikia hivyo damu inanichemka upya.

Kanisa la kijijini kwetu, kando ya ziwa upande wa Mara, lilikuwa na dirisha moja kubwa karibu na altare. Vioo vyake vya rangi vililetwa na wamisionari kutoka Ulaya, vimefungwa kwa majani makavu ndani ya masanduku. Lakini tao la mawe lililovishikilia halikuletwa na mtu. Alilijenga baba yangu, fundi wa mawe, kabla hata hajaoa. Alikoka moto juu ya jabali, akalimwagia maji ya ziwa likapasuka, kisha akachonga kipande kimoja kimoja mpaka kikakubali kukaa. Ramani hakuwa nayo. Padre mmoja mzee alimwonyesha picha kwenye kitabu, akamuuliza kama anaweza. Alipomaliza, padre akampa kile kitabu.

Kitabu hicho kimenilea. Kilikuwa kizito, kimejaa picha za makanisa ya kale ya Ulaya, sanamu za marumaru, dari zilizochorwa malaika. Maneno yake hakuna aliyeyaelewa pale nyumbani. Jioni baba alikifungua juu ya mkeka akaanza kuwakagua mafundi wale, waliokufa karne nyingi zilizopita, kana kwamba ni vibarua wake. "Huyu alijua kazi," alisema. "Huyu hapa alikuwa na haraka." Ndiye aliyenifundisha kwamba jiwe la juu katikati, jiwe la kufungia, huwekwa mwisho, na kabla yake tao zima linaegemea mbao. Ukiondoa mbao na jiwe hilo halijakaa sawa, yote yanakuja chini.

Nilipokuja kuwa mwalimu wa fasihi nilianza kumsomea mashairi, ya washairi wetu wa zamani na mengine ya Ulaya yaliyotafsiriwa. Alisikiliza amefumba macho. Ubeti ukimpendeza alisema, "Huo umefungwa." Ukiwa na maneno ya kujazia tu, alikuna kichwa akaniambia nisome mwingine. Nimehudhuria makongamano mengi ya wasomi, na sijakutana na mhakiki mwenye sikio kama lake. Shule hakuikanyaga.

Baba alifariki. Mwaka uliofuata kamati ya ujenzi ikatangaza ukarabati wa kanisa, na kila ukoo ukaombwa uchangie kwa jina la marehemu wao. Kaka yangu mkubwa akanipigia simu nikiwa shuleni Buhongwa, rundo la mitihani mbele yangu.

"Mdogo wangu, kanisa linakarabatiwa. Tunachangia kwa jina la mzee. Na wewe umo?"

"Nimo, kaka. Kwa jina la mzee, nikose vipi?"

Nikatuma mchango wangu siku ileile, nikarudi kusahihisha. Sikuuliza kinakarabatiwa nini. Kila siku nawagombeza wanafunzi wangu kwa kusoma bila kuuliza maswali, na mimi sikumuuliza kaka swali hata moja.

Nilikwenda nyumbani Krismasi. Nje ya kanisa kulikuwa na lundo la mawe, nikayatambua kabla sijamsalimia mtu. Madirisha ya aluminiamu, moja kwa kila ukoo, yaliletwa kutoka mjini yakiwa ya mraba, na letu lilipangiwa pale karibu na altare, ambapo juu palikuwa pamepinda. Kwa hiyo wakachukua nyundo, wakavunja tao la baba, ili dirisha la kumkumbuka baba lipate kuingia. Narudia, kwa sababu nikiwaeleza watu wananitazama tu: walivunja kazi ya mikono yake wapate mahali pa kubandika jina lake.

"Na vioo vya rangi?" nilimuuliza mwenyekiti wa kamati.

"Vilivunjika wakati wa kutoa, mwalimu. Hata hivyo vilikuwa vinatutia giza."

Nikamgeukia kaka. Yeye alikuwa anatabasamu, masikini, akingoja nimshukuru.

"Tulitaka mzee akae pale mbele, mahali pa heshima," alisema. "Hayo matao ni mambo ya wazungu, mdogo wangu. Sasa hivi kanisa lina mwanga."

Mambo ya wazungu! Na aluminiamu ilichimbwa kijijini kwetu? Picha ilikuwa ya wazungu, sikatai, na niliipenda na bado naipenda. Jabali lilikuwa letu. Kuni zilikuwa zetu. Kidole gumba kilichopondwa na nyundo kwenye kazi ile kilikuwa cha baba, na kaka mwenyewe ndiye aliyekuwa akikiosha wakati wa ugonjwa wake. Nilimwambia yote hayo kwa sauti ambayo mtu haitumii mbele ya kanisa, kwa kaka yake mkubwa, sikukuu ya Krismasi. Sijaomba radhi.

Mama alikuwa hajui lolote. Miguu ilimzuia kufika kanisani kwa miezi, na macho yake yamefifia. Zamani alikaa benchi la pili, mahali ambapo asubuhi rangi nyekundu ya kioo ilimwangukia mapajani. Krismasi hiyo aliletwa, na baada ya misa kaka alimshika mkono akamwongoza hadi dirishani, kumfurahisha. Akaviweka vidole vyake juu ya kibao kilichobandikwa kwenye fremu.

"Hapa pameandikwa jina la baba, mama."

Mama alikipapasa kibao, akakipita. Vidole vikaenda hadi ukingoni, pale fremu inapokutana na ukuta, kwenye pengo lililojazwa saruji ovyo ovyo. Akaingiza kidole. Akakitoa, akakipangusia kwenye kitenge.

"Hii si kazi yake," alisema. "Mbona mmeandika jina lake kwenye kazi ya mtu mwingine?"

Akaupapasa ukuta juu ya fremu.

"Na ile yake mmeipeleka wapi?"

Kaka akanitazama mimi, mwalimu, mwenye maneno, nijibu. Nikatazama vigae vipya vya sakafuni. Mchango wangu nao ulikuwa mle ukutani.