Kichwa cha Chewa

Siku Levina alipojuana na Bi Batuli sokoni Mtendeni, walibishania kichwa. Bi Batuli, mjane wa fundi wa reli, kwao Mafia, aliuza samaki wa bahari wanaokuja na barafu kwa basi la Dar. Levina, mpishi wa shughuli, alikuwa amekwishapatana naye bei ya chewa mkubwa, kiwiliwili kitupu, wa sherehe ya komunio ya watoto.

"Kichwa je?"

"Vichwa siuzi, mwanangu."

"Basi kiwe nyongeza. Au unajiwekea supu, bibi?"

"Una mdomo wewe! Chukua, ila usinilaumu." Akamtolea mfuko mweusi uliofungwa fundo.

Watoto walipokwisha kula, Levina akakumbuka supu yake. Akafungua mfuko. Macho ya samaki yalikuwa yamechomoka kama ya mtu aliyenyongwa, na tumbo limejaa mdomoni. Alikulia Nzega, akisikia habari za wavuvi wa ziwani wanaotia sumu majini. Uani, mtoto mmoja akajishika tumbo.

Alikimbia na kichwa hadi sokoni.

"Umetuulia watoto! Samaki wa sumu huyu!"

Bi Batuli akakitwaa, akakiosha, akakibandika kwenye jiko la kibanda chake. "Kaa."

"Watoto wanakufa, nikae?"

"Chewa huyu anaishi kilindini. Ndani ana kifuko cha hewa. Akivutwa juu haraka, hewa inavimba, inasukuma tumbo mdomoni na macho nje. Ndiyo maana vichwa siuzi. Watu wa bara mnakimbia."

Levina hakuamini. Kila bodaboda iliyopita alidhani inamfuata yeye.

"Tena huyu alizaliwa jike," Bi Batuli akasema, akikamua ndimu. "Hugeuka dume akishakua, na kukua kwake ni miaka. Wavuvi wanawataka hao hao wakubwa. Madume wakiisha, majike watazaa na nani? Zamani sikukosa mkubwa. Siku hizi nangoja mpaka nachoka."

Kichwa kilipoiva, akala jicho. Akala shavu, akanywa mchuzi. Levina akamkodolea macho kooni, akingoja aanguke.

Simu ikalia: mwenye shughuli. Levina akaipokea.

"Mama, samaki amebaki? Watoto wanataka tena."

"Kaisha," alijibu.

Bi Batuli alikuwa akinyonya mfupa wa mwisho. Levina akarudi na mfuko mtupu kwa watoto wazima. Tangu hapo hadai kichwa. Na chewa mkubwa kama yule, Bi Batuli hajaletewa mwingine.